Mzunguko wa Ishirini na Sita

"Hapa tu, mama. Saini na tarehe, tumemaliza," katibu alisema, akaisukuma karatasi juu ya meza mpaka ikagusana na kopo la gundi.

Fundi viatu hakuinua uso. Alikuwa na koleo mkononi, anang'oa misumari kwenye kisigino cha kiatu cha bwana mmoja ambaye, kwa jinsi soli ilivyolika, bila shaka alikuwa akitembea huku anagombana na barabara. Msumari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukatoka. Wa tatu ukakatikia ndani, naye akasonya, akachukua kisu chembamba na kuanza kuuchimba taratibu. Fundi mwingine angeufunika kwa soli mpya, na mteja asingejua mpaka siku ya kuchechemea.

"Imeandikwaje?" aliuliza.

"Si nilikusomea jana kwenye simu?"

"Jana nilisikia. Leo nataka kusikiliza."

Katibu alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja kwenye kile kibanda, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, na kila alipokuja alikaa kwenye kigoda cha wateja bila kukifuta kwanza, jambo ambalo fundi aliliona na kuliweka moyoni. Akasoma kwa sauti ya ofisini: "Mimi niliyetajwa hapo juu nathibitisha kwamba dawa iliyokutwa mwilini mwangu nilipewa na aliyekuwa kocha wangu, pasipo mimi kujua kuwa ni dawa iliyopigwa marufuku michezoni..."

"Kocha amekufa."

"Ndiyo maana haina shida," katibu alisema, kisha akaona ulimi umemponyoka, akajikohoza. "Namaanisha, mama, hakuna atakayeumia. Kanuni zetu ziko wazi. Mwanamichezo aliyewahi kufungiwa anaweza kuingizwa Ukumbi wa Heshima ikithibitika kwamba kosa lake halikuwa la makusudi. Kifungu cha tisa. Ukisaini, wajumbe watano wanakaa Alhamisi, dakika kumi nyingi, jina lako linapanda ukutani. Usiposaini, mlango umefungwa na mimi sina ufunguo mwingine."

"Wajumbe wenyewe ni akina nani?"

Alimtajia. Mwenyekiti alikuwa refa mstaafu wa mpira wa miguu. Kulikuwa na wakili kijana, mama mmoja aliyevuma zamani katika mpira wa pete, na mzee aliyekuwa bingwa wa kuogelea. "Na wa tano," katibu alisema, huku akijitia kutafuta kalamu mfukoni, "ni Kivuli."

Kisu kilisimama ndani ya kisigino.

Zamani, kabla kibanda hiki hakijawekwa ubavuni mwa uwanja wa michezo, huyu mama wa misumari na gundi aliitwa Kiberiti. Mdogo wa umbo, mkimya, halafu ghafla anawaka. Mita elfu kumi zilikuwa zake. Ni mizunguko ishirini na mitano ya uwanja, na kwa miaka kumi wanawake wenzake waliishia kuusoma mgongo wake tu. Vikombe sita vikubwa alivitwaa. Nyuma yake, kila mara nyuma yake, alikimbia msichana mrefu mwenye hatua ndefu, na watu wakamwita Kivuli, jina la mzaha ambalo mwenyewe hakuwahi kulicheka.

Kisha zikaja mbio za saba. Kiberiti alishinda kwa karibu nusu ya mzunguko, na wiki tatu baadaye vipimo vikatoa jibu. Akanyang'anywa medali, akafungiwa maisha. Wakili wa chama akasema ni dawa ya kikohozi. Magazeti yakasema ni kocha. Nchi ikagawanyika, hawa wanalia kaonewa, hawa wanasema mwizi, na kesi yenyewe ikaburuzwa mpaka kila mtu akachoka, medali ikatiwa kwenye bahasha na bahasha kwenye kabati. Kiberiti hakusema ndiyo wala hapana. Alifunga mdomo, akajifunza kushona viatu, na miaka thelathini ikapita hivyo.

Lakini usidhani hakulitaka jina lile ukutani. Alilitaka mpaka kifua kikamuuma. Miaka miwili aliwatazama mafundi wakiujenga ukumbi ule ng'ambo ya barabara. Alijua siku walipoezeka, siku walipoweka vigae, siku walipokosea rangi ya mlango wakairudia. Wajenzi walimletea mabuti yao kushona, naye aliwauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, ukuta wa majina utakuwa upande gani. Wakimjibu alitikisa kichwa na kuendelea kushona, na siku hizo alijichoma sindano mara nyingi kuliko kawaida.

"Niachie karatasi," alimwambia katibu. "Alhamisi nitakuja nayo."

"Ikiwa na saini?"

"Nitakuja nayo."

Binti wa fundi alipita saa tisa alasiri akitoka kazini, vumbi la chaki bado liko kwenye mikono ya gauni. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kusoma kitu mara mbili kabla ya kukiamini. Aliiona karatasi chini ya nyundo, akaisoma mara mbili, na uso wote ukamfunguka.

"Mama. Si ndiyo hii tuliyokuwa tunaisubiri?"

"Uliyokuwa unaisubiri wewe."

"Sote bwana, usijitie." Alikaa kwenye kigoda, akaipangusa karatasi juu ya paja. "Unakumbuka shuleni waliniita nini? Mtoto wa Vidonge. Darasa la pili mpaka la saba. Nilimng'ata mtu sikio kwa ajili yako."

"Nakumbuka. Nilikwenda kumwomba radhi mama yake."

"Basi saini. Kila mtu anajua ni kocha. Hata yeye mwenyewe aliona haya, ndiyo maana akahama mji."

Fundi alipitisha uzi kwenye nta, akaurudisha, akaupitisha tena ingawa ulikuwa umeshakolea. Kocha yule hakuhama kwa haya. Alihama kwa sababu hakuna klabu iliyompa kazi tena, akafia mbali akiwa mlinzi wa ghala. Ndiye aliyemnunulia viatu vyake vya kwanza vya kukimbilia, vikubwa kwa namba mbili, akavijaza magazeti mbele ili visimtoke. Na kabla ya kuondoka alimjia mara moja tu, akasimama mlangoni kofia ikiwa mkononi, akamwambia, "Binti yangu, sema neno moja uniokoe." Naye akanyamaza. Gazeti gani lililoandika hilo? Hakuna. Lilikuwa ndani yake mwenyewe, na miaka thelathini lilimchoma kila alipokanyaga.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Utasaini?"

Alimtazama mwanawe. Alitaka kumwambia pale pale, lakini akaurudisha uzi kwenye nta. "Njoo Alhamisi," alisema. "Ukae nyuma. Na using'ate mtu."

Alhamisi asubuhi ukumbi ulikuwa unanuka rangi mbichi. Kikao kilikuwa kwenye chumba cha pembeni chenye meza ndefu, chupa za maji, na feni iliyokuwa inazunguka kwa uvivu. Mlango ulikuwa wazi, na kupitia hapo ulionekana ukuta wenyewe: safu za vibao vya shaba vyenye majina, na kati yake nafasi chache tupu zilizowekewa alama ya penseli. Kiberiti aliamkia, akaketi, akaziweka nyayo zake sawasawa chini ya kiti. Binti yake aliketi nyuma karibu na dirisha.

Mwisho wa meza aliketi Kivuli. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote na amezikata fupi, miwani puani, mgongo bado umenyooka. Hakumsalimia. Alimtazama mara moja, kisha akaangalia karatasi zake.

"Hili letu fupi," mwenyekiti alisema. Ingawa alikuwa amestaafu, alizungumza bado kama mtu mwenye filimbi mfukoni. "Mama, umekuja na tamko?"

"Nimekuja nalo." Alilitoa kwenye mkoba, akaliweka mezani.

Mwenyekiti akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma. "Halijasainiwa."

"Halijasainiwa kwa sababu si kweli, mwenyekiti."

Katibu, pale pembeni, alifumba macho.

Kiberiti alipiga moyo konde. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, lakini yalipotoka yalitoka kivyake. "Nilikwenda mwenyewe," alisema. "Kulikuwa na duka la dawa nyuma ya soko, jamaa anauza dawa za mifugo na za watu kwenye kabati moja. Nikamwambia nataka kitu cha kunifanya nisichoke. Akaniambia, dada, ukikutwa na hiki umekwisha. Nikakichukua. Kocha hakujua. Alikuja kuniomba niseme, nikamwangalia usoni nikanyamaza, akaenda kufa na jina baya ambalo lilikuwa langu. Nataka hilo liandikwe kabla ya mengine yote."

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Hakugeuka, lakini alisikia hatua za binti yake zikitoka.

Wakili kijana aliinama mbele. Alikuwa na huruma ya kweli usoni. "Mama, baada ya miaka mingi kumbukumbu huchanganyika. Watu wazuri hujitwika hata makosa yasiyo yao. Una hakika ulijua?"

"Nitakupa ushahidi, mwanangu. Mita elfu kumi ni mizunguko mingapi?"

"Ishirini na mitano."

"Siku ile nilikimbia ishirini na sita."

Bingwa wa kuogelea, ambaye ilidhaniwa amesinzia, alifungua jicho moja.

"Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipigwa, nikaisikia," Kiberiti aliendelea. "Mstari niliuvuka, nikauona. Miguu ikakataa kusimama. Nikazunguka tena uwanja mzima, kwa kasi ileile, na watu wakapiga makofi wakidhani ni furaha. Daktari wa mashindano peke yake hakupiga makofi, alikuwa anaangalia saa. Ndivyo nilivyokamatwa, kwa mzunguko ambao hakuna aliyeniomba. Sasa fikiria. Mtu aliyelishwa kidonge bila kujua, anamaliza mbio na mwili unakataa kuchoka. Si angeogopa? Angeshika kifua, angeita watu. Mimi sikuogopa hata chembe. Nilikuwa nazunguka huku najiambia, kumbe kile kitu kinafanya kazi."

Wakili alirudi nyuma kwenye kiti chake.

"Ulinipita," sauti ikasema.

Alikuwa Kivuli. Alikuwa amevua miwani, anaishika kwa mikono miwili. "Nilikuwa nimemaliza. Nimeinama, nimeshika magoti, natapika kwenye majani. Nikasikia viatu. Nikainua kichwa, nikakuona unanipita tena, mdomo umefumba, hata huhemi. Nikajiambia, mimi nakufa na mwenzangu ndiyo kwanza anaanza. Nilivua viatu siku ileile, sikuvivaa tena. Nilikuwa na miaka ishirini na saba."

"Lakini majibu yalipotoka..." mama wa mpira wa pete alianza.

"Wakili wa chama alisema ni dawa ya kikohozi. Dawa ya kikohozi haimpi mtu nusu mzunguko. Kwa hiyo niliamini hata bila dawa angenishinda tu." Alimgeukia Kiberiti, na sasa alimtazama kweli. "Unajua kwa nini nilikubali kukaa kwenye kiti hiki? Nilitaka kukuuliza kitu kimoja. Ulikuwa na vikombe sita. Kila mtu anakuogopa. Kwa nini siku ile?"

"Kwa sababu yako."

"Yangu mimi?"

"Nilikuwa nasikia viatu vyako," Kiberiti alisema. "Zamani nilivisikia mbali, kwenye kona nyingine. Kisha vikawa hatua kumi nyuma yangu. Mwaka ule vikawa nne, halafu mbili. Mazoezini nilijipima, na kwa kificho nilikupima na wewe. Ulikuwa umeshanishinda, Kivuli. Mimi nilijua kabla yako. Bila kile kidonge ungenipita mzunguko wa ishirini na tatu, na kama ungezubaa, wa ishirini na nne."

Kivuli aliweka miwani mezani polepole.

"Rudia," alisema.

"Ulikuwa umeshanishinda."

Machozi yalimtoka mwanamke yule mrefu bila sauti, na hakuyafuta. Alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikia habari ya jamaa aliyepotea zamani kwamba yu hai. Alikuwa amefundisha michezo shuleni maisha yake yote na kuwaambia wasichana wasikate tamaa, huku mwenyewe akiamini miguu yake ilikuwa ya nafasi ya pili. Katibu alimsogezea chupa ya maji, kwa kukosa la kufanya.

Mwenyekiti aliacha ipite dakika nzima, na hilo tumsifu. Kisha akasema, "Mama, nashukuru. Si wengi wangekuja kusema hivyo. Lakini umekifunga kifungu cha tisa kwa mkono wako. Ukuta huu ni wa watu wa kuigwa. Watoto wataletwa hapa kwa mabasi, na mwalimu atanyosha kidole. Nitawaambia wamwige nani? Nilipuliza filimbi miaka ishirini na minane. Sheria ni sheria hata ikikuuma."

"Sina ugomvi, mwenyekiti." Kiberiti alichukua mkoba wake, akainuka. Aliuona ukuta kupitia mlangoni, zile alama za penseli, na kifua kikamuuma kama zamani, lakini alishangaa kuona kwamba anaweza kusimama wima. "Nilikuja kusema, nimesema. Kuna viatu vya watu vinanisubiri."

"Keti," Kivuli alisema.

Akaketi.

"Angesaini uongo ule, angeingia kwa dakika kumi," Kivuli aliwaambia wenzake. "Tungempigia makofi na kupiga picha. Amesema kweli, tunamfukuza. Basi sisi hapa tumeandika kanuni ya kumzawadia mtu anayedanganya mara ya pili. Na mwenyekiti, hao watoto wa mabasi si wajinga. Wataona jina langu, wa pili, wa pili, mara sita, na watauliza wa kwanza ni nani. Utawaambia hapakuwa na mtu? Nilishindwa na hewa?"

Bingwa wa kuogelea alicheka puani.

"Aliyeibiwa ni mimi, ukuta haukuibiwa kitu," Kivuli alisema. "Mimi nataka jina lake lipande. Vikombe sita ni vyake, alinishinda kihalali, nilikuwepo nikala vumbi lake. Na cha saba kiandikwe kilivyokuwa, kwa herufi zilezile na ukubwa uleule, si kadogo kule chini mfano wa onyo kwenye pakiti ya sigara. Tukiweke kando kifungu cha tisa, tupige kura."

Walipiga kura kwa mikono. Kivuli aliinua wake kwanza, wakili akafuata. Mama wa mpira wa pete aliuacha wake mapajani. "Nisamehe, mwenzangu," alimwambia Kiberiti, na sauti ilikuwa ya mtu anayeumia. "Nilicheza miaka kumi na tano kwa magoti mabovu bila kumeza kitu. Siwezi." Kiberiti alimwitikia kwa kichwa, maana alimwelewa kabisa. Mwenyekiti naye alikunja mikono kifuani. Akabaki mzee wa kuogelea, na macho yote yakamwendea.

"Mnaniangalia nini?" mzee alisema. "Mimi nilishainua tangu ile hewa." Na kweli, mkono ulikuwa juu, umeegemea kiti, hakuna aliyeuona.

"Tatu kwa mbili," mwenyekiti alisema. Aliandika, akapiga mstari chini kwa nguvu. "Iandikwe kwamba mimi sikubali. Na sitakubali. Lakini goli ni goli."

Binti wa Kiberiti hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama kwenye korido, amekumbatia mkoba, macho mekundu.

"Nilimng'ata mtu sikio," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa uongo."

"Sikuwahi kukudanganya."

"Hukuniambia kitu, mama. Ni kulekule."

"Ni kulekule," fundi alikubali. "Nilikukosea wewe kuliko watu wote."

Fundi wa umeme alipita na ngazi begani wakampisha, kila mmoja ukuta wake. "Na vile sita?" binti aliuliza baadaye.

"Vile ni vyangu."

"Vyote?"

"Vyote. Maji na miguu, basi."

Mwalimu wa hesabu alimtazama mama yake mara ya kwanza, akamtazama mara ya pili. Kisha akamnyoosha kola, ambayo haikuwa na shida yoyote, na mkono wake ukabaki pale shingoni. "Sasa itabidi nimtafute yule mtu wa sikio," alisema, na kicheko kikamponyoka katikati ya kilio. Waliteremka ngazi wakiwa wameshikana.

Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi asubuhi, ukumbi ulifunguliwa. Watu walijaa barabarani mpaka mlangoni pa kibanda, na ilibidi fundi aufunge mlango kwa kufuli huku wateja wawili wakimlilia viatu vyao. Alivaa gauni la bluu na viatu alivyovishona mwenyewe. Mjane wa kocha alikuwa amealikwa, akakaa mstari wa mbele. Hakutabasamu, lakini alikuja, na Kiberiti alipokwenda kumpigia goti na kumshika mkono, mjane hakuuondoa.

Sherehe yenyewe ilikuwa uwanjani, ambako vibao vililetwa kabla ya kupachikwa ukutani, na walianza na bahasha ya kabatini. Mtangazaji alimwita Kivuli kwa cheo ambacho hajawahi kuitwa, mshindi, na mwenyekiti mwenyewe akamvisha medali ile iliyochelewa miaka thelathini. Umati ulinguruma. Wanawake wazima, wanafunzi wake wa zamani, walipanda juu ya viti. Kiberiti alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na furaha iliyomjaa ilimshangaza, maana haikuwa na doa hata moja.

Kisha kibao chake kikafunuliwa, na mtangazaji akakisoma chote kama kilivyoandikwa.

"Kiberiti. Mita elfu kumi. Bingwa mara sita. Mbio za saba alitumia dawa kwa kujua, akavuliwa ushindi. Mshindi wa mbio hizo ni Kivuli. Kocha wa Kiberiti hakuhusika."

Bwana mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Mwizi." Neno lilivuka vichwa vyote likamfikia. Zamani lingemwangusha. Sasa alisimama akalipokea, akaitikia kwa kichwa kule lilikotoka, kwa sababu limeshaandikwa pale kwa shaba na kila mtu anaweza kulisoma, na pamoja nalo vile sita. Nyuma yake mtu akaanza kupiga makofi peke yake, makofi ya mwalimu anayelitaka darasa lisikilize. Hakuwa na haja ya kugeuka kujua ni nani. Mzee wa kuogelea akajiunga, kisha mstari mzima, kisha uwanja, na mama wa mpira wa pete naye akainuka polepole kwa magoti yake mabovu.

Ilikuwa zamu ya kutembea. Wote walioingizwa siku ile walitakiwa kuuzunguka uwanja mara moja, mmoja nyuma ya mwingine, watu wawaone. Katibu alipita na orodha akiwapanga, shati limemlowa jasho. "Kivuli mbele," alisema. "Wewe mama utamfuata."

Wakaanza. Mbele ya Kiberiti kulikuwa na mgongo mrefu ndani ya gauni jeupe, shingo imenyooka, utepe wa medali umefungwa nyuma. Ilimchukua hatua kadhaa kuelewa alichokuwa anakitazama. Katika miaka yote ya mbio zao hakuwahi kuuona mgongo huu. Mabega yalikuwa mapana kuliko alivyodhani, na mguu wa kushoto ulitupwa nje kidogo kila hatua. Majukwaa yalikuwa yanaita majina yote mawili, yakiyachanganya, na jua lilikuwa limepanda juu ya kona ya mbali. Kivuli hakugeuka nyuma hata mara moja. Alitembea kwa hatua zake ndefu, na Kiberiti akaongeza mwendo kidogo, asiachwe.